Kijiji cha Gerlingen na Ziwa Letu

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi, Nyashimo, katika juma la Jubilei ya miaka mia moja

 

Naishukuru Kamati ya Jubilei kwa kunipa nafasi hii. Niliagizwa niseme machache juu ya mahali walikotoka wale waliotangulia kuileta Injili katika nchi hizi za Afrika Mashariki. Nilipolitafakari agizo hilo niliona kwamba tunapotaja Ulaya, mawazo yetu hukimbilia miji mikubwa, viwanda na majumba marefu. Tunadhani ya kuwa waliotumwa kwetu walitoka kwa watu waliokuwa na kila kitu, nasi tuliopokea tulikuwa watu wa vijijini tusio na kitu. Kwa hiyo leo naomba tutembelee kijiji kimoja tu, kijiji cha wakulima kama sisi, ambacho mwana wake mmoja ana sehemu katika habari za ziwa hili tunalovua dagaa na sato. Kijiji hicho ni Gerlingen.

Mahali kilipo

Gerlingen iko kusini-magharibi mwa Ujerumani, katika nchi ya Württemberg, mwendo wa kama kilomita kumi magharibi ya mji wa Stuttgart. Jina lake linaonekana katika maandishi ya mwaka 797, na hivyo kijiji hicho kina umri unaozidi miaka 1,200. Upande wake wa kaskazini kuna nchi tambarare yenye udongo mzuri, ambayo wenyeji huiita Strohgäu, yaani nchi ya mabua, kwa sababu tangu zamani ni nchi ya nafaka. Upande wa kusini ardhi inapanda ghafla kuwa vilima vyenye misitu, na juu ya vilima hivyo Mtawala wa Württemberg, Karl Eugen, alijijengea kasri la starehe liitwalo Solitude katika miaka ya 1760. Wanakijiji walipoinua macho kutoka mashambani mwao waliliona kasri la mtawala juu, na walipoyashusha waliuona mnara wa kanisa lao katikati ya nyumba.

Kwa desturi yetu ya Kisukuma, kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, kila mji ulikaa peke yake katikati ya mashamba yake, na jirani alikuwa mbali kidogo. Gerlingen haikuwa hivyo. Nyumba zote zilisongamana kulizunguka kanisa, na mashamba yalikuwa nje ya kijiji. Ardhi ya kulima iligawanywa katika sehemu tatu. Mwaka mmoja sehemu ya kwanza ilipandwa nafaka ya majira ya baridi, hasa aina ya ngano ya kale inayopendwa sana katika nchi hiyo. Sehemu ya pili ilipandwa nafaka ya majira ya kiangazi. Na sehemu ya tatu ilipumzishwa. Mwaka uliofuata wakabadilishana. Hakuna mtu aliyeweza kulima apendavyo yeye, kwa kuwa mashamba ya wote yalikuwa yamechanganyika, na ilibidi wapande pamoja na kuvuna pamoja. Sisi tunaojua maana ya kutunza ngitili ili mifugo isikose malisho wakati wa kiangazi tunaweza kuelewa amri ya namna hiyo. Kwenye miteremko ya vilima, ambako jembe la kukokotwa halikufaa, walipanda mizabibu.

Watu wake

Katika nchi ile ya Württemberg ilikuwapo sheria ya urithi iliyosema kwamba watoto wote, wa kiume na wa kike, wagawiwe ardhi sawasawa. Ni sheria ya haki. Lakini kizazi baada ya kizazi mashamba yalikatwa vipande, na vipande vikakatwa tena, hata mtu akawa na ukanda mwembamba hapa na ukanda mwingine kule, na jumla yake haikutosha kuilisha nyumba yake. Naona baadhi ya wazee wanatikisa vichwa. Hali hiyo hata sisi tumeanza kuionja.

Tena yalikuja maafa. Mwezi wa Aprili 1815 mlima wa moto uitwao Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka kwa nguvu kubwa mno. Vumbi lake lilipanda angani likaenea juu ya dunia na kupunguza joto la jua. Mwaka uliofuata, 1816, sehemu nyingi za Ulaya zilikosa majira ya joto. Mvua haikukoma, mvua ya mawe ilipiga mashamba, nafaka zikaoza na zabibu hazikuiva. Njaa iliyofuata katika Württemberg ilikuwa kali, na mwaka 1817 maelfu ya watu waliihama nchi, wengine wakaelekea Urusi na wengine Marekani. Watu wa Gerlingen na vijiji vya jirani hawakujua habari za mlima ule wa mbali. Walijua tu kwamba mvua imezidi na ghala ni tupu.

Lakini watu hawa walikuwa na mambo mawili yaliyowashikilia. La kwanza ni shule. Tangu katikati ya karne ya 17 watoto wa Württemberg walitakiwa kwenda shule, na shule ya kijiji iliwafundisha kusoma pamoja na Katekisimu. La pili ni vikundi vya maombi. Tangu mwaka 1743 sheria ya nchi iliruhusu Wakristo kukutana majumbani mwao, nje ya ibada ya kanisani, wasome Neno na kuomba. Mkutano huo waliuita kwa jina rahisi tu, "saa". Mkulima aliyeshinda akipalilia mizabibu alinawa mikono na kwenda kwenye "saa", na huko aliweza kulifafanua Neno mbele ya wenzake hata kama hakuwa mchungaji. Mwaka 1819, kilomita chache tu kutoka Gerlingen, watu wa namna hiyo wakapewa kibali na mfalme waanzishe kijiji chao kiitwacho Korntal, ili wasiihame nchi kwa sababu za imani. Tulikumbuke jina hilo la Korntal, maana tutalirudia.

Mwana wa mkulima wa mizabibu

Tarehe 16 Januari 1820, miaka mitatu tu baada ya njaa ile, alizaliwa katika Gerlingen mtoto aliyeitwa Johannes Rebmann. Jina la ukoo wake maana yake ni mtu wa mizabibu, na wazazi wake walikuwa kweli wakulima wa mizabibu. Alikua katika maisha niliyoyaeleza: shamba, shule ya kijiji, Kipaimara, na "saa" ya maombi. Alipokuwa kijana alikwenda kusoma katika chuo cha misioni cha Basel, Uswisi, ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa wakulima na mafundi kutoka Württemberg. Kutoka huko akaingia katika utumishi wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Anglikana, yaani CMS, cha Uingereza.

Mwezi wa Juni 1846 akafika Mombasa. Huko alimkuta Mwürttemberg mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amefika mwaka 1844 na kumzika mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga katika miezi ya kwanza tu. Wawili hao wakaanzisha kituo huko Rabai. Na tarehe 11 Mei 1848, akisafiri na wapagazi pamoja na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri, Rebmann akaiona theluji ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo, mabingwa wa jiografia huko London walimcheka, wakasema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Waliosema hivyo hawakuwa wamefika Afrika Mashariki. Watu wa Uchagga walikuwa wakiitazama theluji hiyo kila siku.

Ramani ya ziwa moja

Sasa tunafika nyumbani kwetu. Huko pwani Rebmann na mwenzake mwingine, Jakob Erhardt, naye kutoka Württemberg, walizoea kuwauliza wasafiri. Waliwauliza wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, na watu wa bara waliofika pwani, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa akiuliza maswali hayo hayo: Ukienda bara siku nyingi, unafika wapi? Na majibu yakafanana. Aliyepita njia ya kaskazini alisema, nilifika kwenye maji makubwa. Aliyepita njia ya kati alisema hivyo hivyo. Aliyetoka kusini naye alisema hivyo.

Wamisionari hao wakafikiri kwamba ikiwa wote wamefika kwenye maji makubwa, basi maji hayo ni mamoja. Wakachora ziwa moja kubwa mno, lililoanzia karibu na ikweta na kushuka mbali kusini, lenye umbo kama koa, yule konokono asiye na gamba. Ramani hiyo ilipotolewa London mwaka 1856 ilizua mabishano makubwa. Mwaka huo huo Richard Burton na John Hanning Speke waliletwa Afrika na Chama cha Jiografia cha Uingereza, wakamtembelea kwanza Rebmann huko Rabai, kisha wakaingia bara. Na tarehe 3 Agosti 1858 Speke, akiwa ameachana na mwenzake huko Tabora, alisimama juu ya kilima cha Mwanza akaliona ziwa. Akalipa jina la malkia wake. Nayo ghuba hii iliyo mbele yetu ikaja kuitwa Ghuba ya Speke.

Ramani ya Rebmann na Erhardt ilikuwa na kosa. Ziwa lile moja lilikuwa maziwa matatu: Nyanza hii yetu, Tanganyika na Nyasa. Lakini tuangalie kosa lilitoka wapi. Mashahidi hawakudanganya. Kila mmoja alisema kweli juu ya maji aliyoyaona kwa macho yake. Kosa lilitokea pale maneno yao yalipounganishwa bila kujulikana sawasawa kila mmoja alisimama wapi. Na jambo la pili, mashahidi wenyewe hawajulikani. Tunalijua jina la aliyechora, tunalijua jina la aliyesimama kilimani siku moja, bali majina ya watu waliolitaja ziwa hili kule Tanga na Mombasa hayakuwekwa ramanini. Huenda mmoja wao alikuwa Msukuma, maana watu wa bara letu walishuka pwani pamoja na Wanyamwezi wakibeba meno ya tembo. Ghuba haikuitwa kwa jina lake.

Mavuno asiyoyaona

Rebmann alikaa Afrika Mashariki miaka 29, tangu 1846 hadi 1875, bila kurudi kwao hata mara moja. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Waliobatizwa Rabai katika miaka ile walihesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Na Mringe ndiye aliyempasha habari za Kristo jirani yake, Abe Gunja. Rebmann alitumia miaka yake mingi katika lugha. Kamusi yake ya Kinyasa aliiandika kwa msaada wa mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, nayo ilichapishwa mwaka 1877, mwenyewe akiwa ameshafariki.

Mwaka 1875 alirudi Ulaya akiwa kipofu. Kijana mmoja wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa yule Abe Gunja, alisafiri naye ili awe macho yake. Ndugu zangu, tulizoea kusikia kwamba Mzungu alikuja kumwongoza Mwafrika. Hapa ni Mwafrika aliyemshika mkono Mzungu akampeleka kwao. Rebmann hakukaa tena Gerlingen. Alikwenda Korntal, kile kijiji cha maombi, alikokuwa Krapf. Huko akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akamfuata mwaka 1881 na kuzikwa huko huko.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Tangu Rebmann auone mlima ule ilikuwa imepita miaka 45, na tangu afe miaka 17. Sharika zote zilizoko leo kwenye miteremko ya mlima ule yeye hakuziona. Hapa kwetu kando ya Ghuba, CMS walikuwa na kituo cha Nassa tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1909 wakakiacha mikononi mwa African Inland Mission. Ndugu zetu wa AIC wanazijua habari hizo vizuri kuliko mimi. Hayo nayo Rebmann hakuyaona.

Wala hakuwa peke yake kutoka kijiji chake. Mwaka 1825 alizaliwa Gerlingen Johannes Zimmermann, aliyetumwa na Misioni ya Basel kwenda nchi ambayo leo ni Ghana, akaitafsiri Biblia katika lugha ya Kiga. Naye alirudi akafia Gerlingen mwezi wa Desemba 1876, miezi miwili tu baada ya Rebmann. Kijiji kimoja cha wakulima wa nafaka na zabibu kilitoa watu wawili wa namna hiyo katika kizazi kimoja. Leo Gerlingen ni mji, tangu 1958, wenye watu wapatao 19,000, na kampuni kubwa ya Bosch ina makao yake makuu huko vilimani. Lakini walipotumwa watu hao, bado kilikuwa kijiji.

Kitabu cha kanisa

Mtaniuliza, habari za watoto wa wakulima wadogo zimejulikanaje kwa tarehe zake? Zimejulikana kwa sababu ya kitabu. Tangu katikati ya karne ya 16 wachungaji wa Württemberg waliagizwa kuandika kila ubatizo na kila ndoa, na baadaye mazishi pia. Mchungaji wa kijiji hakuchagua nani ana maana na nani hana. Mtoto wa mkulima wa mizabibu aliandikwa kama mtoto wa tajiri: jina, baba, mama, wasimamizi, siku. Siku Rebmann alipobatizwa hakuna aliyejua kwamba atakuwa mtu wa kukumbukwa. Aliandikwa tu kwa sababu alikuwa mtu aliyebatizwa.

Naomba niseme jambo la nyumbani kwangu. Bibi yangu mzaa mama alifundishwa Katekisimu na mwinjilisti aliyekuja kwa baiskeli isiyo na breki. Alipotaka kuisimamisha alibana gurudumu la mbele kwa soli ya kiatu, na watoto walikimbia kumwangalia. Bibi alitusimulia habari hiyo mara nyingi, nasi tulicheka. Cheti chake cha ubatizo alikichomeka darini, na mchwa wakakila. Alipofariki tulitaka kuandika historia yake fupi ya kusomwa makaburini. Tukafika mahali pa kumtaja aliyemfundisha. Tulikaa kimya. Wote tuliijua ile baiskeli na kile kiatu. Jina hakuna aliyelijua. Katika miaka yote ile tuliyomsikiliza, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

Sisi wa Nyashimo

Nyashimo yetu iko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Tangu mwaka 2012, Busega ilipokatwa kutoka Magu na Mkoa wa Simiyu kuundwa, imekuwa makao makuu ya wilaya. Upande mmoja tuna maji ya Ghuba, upande mwingine tuna mbuga nyeusi za pamba na mtama, na mashariki kidogo wanyama wa Serengeti hushuka hadi karibu na ziwa. Waliokijua kijiji hiki wakati wa nyumba za nyasi wanaona kinavyogeuka kuwa mji. Wageni wanakuja kufanya kazi na biashara, na ibadani tunasikia lafudhi za mikoa mingi. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kijiji kinapogeuka kuwa mji, wanaokumbuka wanapungua, na wanaokuja hawana wa kumuuliza.

Kwa sababu hiyo natoa maombi matatu kwa kila usharika ulioko hapa, na kwa Kamati inayokiandaa kitabu cha Jubilei.

La kwanza: kitabu kisiwe orodha ya maaskofu, wachungaji na wafadhili peke yake. Waandikwe kwa majina akina mama waliobeba mawe na maji ya kujengea, aliyetoa kiwanja, fundi aliyeezeka, mwalimu wa kwaya, mwinjilisti wa baiskeli.

La pili: tunapowauliza wazee, tuandike pia kila mmoja alisimama wapi: alikuwa mtaa gani, alikuwa na umri gani, aliliona jambo mwenyewe au alisimuliwa. Wazee wawili wakitofautiana, tusiharakishe kuwaunganisha ili hadithi iwe moja. Huenda wote wawili wanasema kweli, ila maziwa ni matatu.

La tatu: madaftari ya ubatizo, Kipaimara, ndoa na mazishi yawekwe ndani ya sanduku la bati, mbali na mchwa na mvua, na nakala yake ihifadhiwe mahali pengine. Gharama ya sanduku ni ndogo kuliko ya keki ya Jubilei.

Wapendwa, Gerlingen haikututumia utajiri, kwa kuwa haikuwa nao. Ilimtuma mtoto wa mkulima aliyejua kusoma, kuomba na kuuliza maswali. Nyashimo nayo inao watoto wa namna hiyo, na wengine wamekaa hapa mbele wakisubiri mzee huyu amalize ili wale pilau. Hatujui ni yupi kati yao atatumwa, wala atatumwa wapi. Kazi yetu ni kumbatiza, kumfundisha, na kuliandika jina lake vizuri.

Bwana awabariki. Amina.